Mali Bila Daftari: Neno "Mchango" na Mgawanyo wa Mali ya Ndoa Migori na Homa Bay

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufunzwa shuleni kama wasia kwa mfanyabiashara mzembe, na ni nadra mwanafunzi kuulizwa swali la pili ambalo methali yenyewe inalichokoza: je, ni jasho la nani linaloandikwa daftarini, na ni la nani linaloachwa nje? Swali hilo si la darasani pekee. Huulizwa kwa maneno mengine katika mahakama za Homa Bay na Migori kila mara mume na mke wanapofika wakiwa wameshindwana, huku shamba, nyumba, ng'ombe na mashua vikingoja kugawanywa.

Mazoea ya wengi ni kulaumu pande mbili. Wapo wanaosema sheria ni ya kigeni na haimjui Mjaluo wala Mkuria. Wapo nao wanaosema mila ndiyo adui wa mwanamke. Makala haya hayakanushi kwamba kila upande una chembe ya ukweli. Yanadai, hata hivyo, kwamba sehemu ya dhuluma inayotokea hapo haimo katika sheria wala katika mila, bali imo katika neno moja la Kiswahili linalosimama kati ya viwili hivyo. Neno lenyewe ni "mchango". Na maadamu ni neno la Kiswahili, wanaokisomea Kiswahili hawawezi kunawa mikono na kuwaachia mawakili.

Kwanza ieleweke sheria ilikotoka. Hadi mwaka 2013 Kenya haikuwa na sheria yake yenyewe kuhusu mali ya wanandoa. Mahakama ziliegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kuipita. Majaji walivutana kwa miaka mingi. Mwaka 1991, katika kesi ya Kivuitu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba mke anayetunza nyumba na watoto huchangia kupatikana kwa mali, ijapokuwa si moja kwa moja. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, jopo la majaji watano wa mahakama iyo hiyo liligeuza usukani: mke hapati fungu kwa sababu tu ya kuwa mke, sharti athibitishe kwamba alitoa fedha. Fungu la mke huyo lilipunguzwa kutoka nusu hadi robo. Majaji hao waliona pengo lililokuwapo katika sheria, wakasikitika kwamba Bunge lilikuwa halijaliziba.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 45 inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na wakati wa kuvunjika kwake. Miaka mitatu baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Ndoa, nambari 49 ya mwaka 2013. Kifungu cha 7 kinasema kwamba mali ya ndoa humilikiwa na wanandoa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja wao, na kwamba hugawanywa ndoa inapovunjwa. Kifungu cha 2 ndicho kilichopaswa kumaliza ubishi wa miaka mingi, kwa kuwa kinaeleza mchango ni nini. Kinasema mchango unaweza kuwa wa fedha au usio wa fedha, kisha kinautaja ule usio wa fedha: kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, malezi ya watoto, uenzi, uendeshaji wa biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba.

Uenzi! Hapa yafaa kutua kidogo. Watungasheria walikusudia kule kuwa mwandani wa mtu, kumliwaza na kumsindikiza katika maisha. Kiswahili kilikwisha kulipa neno "mwenzi" kazi mbili, ya rafiki na ya mume au mke, kabla Bunge la Kenya halijajengwa. Si kila mara sheria inalazimika kuazima.

Wapo waliotaka zaidi ya hapo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi la chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, lililopinga kifungu cha 7 kwa hoja kwamba usawa wa Katiba maana yake ni nusu kwa nusu. Jaji alihofia kwamba kugawa nusu bila kuangalia mchango kutamfungulia mlango mtu aingie katika ndoa, akae bila kuchangia lolote, kisha atoke na nusu ya jasho la mwenzake. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifunga mjadala huo: usawa wa Katiba hauleti mgawo wa nusu kwa nusu moja kwa moja, na kila mwanandoa sharti athibitishe alichochangia. Katika kesi iyo hiyo, baada ya kuutazama ushahidi, mahakama iliafiki kila mmoja apewe nusu. Hilo husahauliwa na wanaoinukuu hukumu hiyo kana kwamba iliwanyang'anya wanawake kila kitu.

Hoja ya jaji wa 2018 ina uzito, na si lengo la makala haya kuipuuza. Mume aliyekesha ziwani au aliyefanya kazi ya kijungu jiko mjini miaka ishirini naye ana jasho lake, tena yapo matukio ambapo mke ndiye mwenye mshahara na mume ndiye anayedai fungu. Kanuni ya mchango humlinda kila mmoja. Lakini kanuni inayotegemea uthibitisho hutegemea pia lugha ya uthibitisho huo. Hapo ndipo penye mushkeli.

Katika Kiswahili cha kila siku nchini Kenya mchango ni fedha. Upo mchango wa mazishi, mchango wa karo, mchango wa hospitali, mchango wa harusi na mchango wa kujenga kanisa. Tangu enzi za harambee, mchango umekuwa na meza, na mezani pana karani, na karani ana daftari. Jina huandikwa, kiasi huandikwa, kisha hutangazwa kwa kipaza sauti umati ukipiga makofi. Asiyeandikwa hakuchanga. Bibi aliyeteka maji ya kupikia wageni tangu alfajiri, akaosha masufuria hadi usiku wa manane, hasomwi jina, wala yeye mwenyewe hatarajii kusomwa. Akiulizwa kesho yake kama alichanga, atajibu kwa adabu na ukweli kwamba hakuwa na kitu.

Hebu msomaji amchukue mwanamke wa kubuni wa Uriri, kaunti ya Migori. Ameolewa miaka kumi na minane. Mumewe ana mkataba wa kulima miwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari cha Sony kilichoko Awendo, na mkataba umeandikwa kwa jina la mume, kwa hiyo malipo huingia katika akaunti ya mume. Muwa wa kwanza huchukua yapata miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa. Katika miezi hiyo yote mwanamke huyu hupanda na kupalilia, hufukuza ng'ombe wa majirani, huwapikia vibarua. Familia hula nini wakati huo, maana sukari haijaja? Hula mahindi na mtama wa shamba lake dogo, na karo ya watoto hutoka katika kuku, mboga na mihogo anayouza siku ya soko. Pesa za muwa zinapofika huwa hazina deni. Mume huzichukua zikiwa nzima akanunua kipande cha ardhi, na hati huandikwa jina lake.

Ndoa ikavunjika. Mahakamani mwanamke huyu anaulizwa kwa Kiswahili: "Ulichangia nini katika kununua shamba hili?" Naye anajibu: "Sikuchanga chochote. Yeye ndiye aliyelinunua." Amesema kweli tupu, na kweli hiyo inamponza. Hakusema uongo hata kidogo juu ya mchango anaoujua yeye, ule wa mezani kwa karani. Ule mwingine, ulioelezwa na kifungu cha 2, hakuulizwa. Neno ni moja, lakini walioketi katika chumba kimoja wanalitumia kwa maana mbili, na karani wa mahakama anaandika jibu bila kujua kwamba ameandika la swali jingine.

Mfano wa pili uko kando ya ziwa, Sindo au Mbita, kaunti ya Homa Bay. Mume ana mashua, mke ana omena. Usiku mume huvua kwa taa, na asubuhi mke huzianika omena juani, huzigeuza, huzikimbiza zisinyeshewe, huzipeleka sokoni. Faida ya omena ndiyo ugali, sabuni, mafuta ya taa na madaftari ya shule. Kwa kuwa nyumba imelishwa na omena, fedha za mashua zimepata nafasi ya kununua injini. Injini ni ya nani? Anayetazama risiti atamwona mume peke yake. Anayetazama jikoni atawaona wawili.

Ikumbukwe pia kwamba swali mara nyingi halifiki moja kwa moja. Lugha ya Mahakama Kuu kisheria ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mwanamke wa Nyatike au wa Ndhiwa huenda akahitaji Kijaluo, na wa Kehancha akahitaji Kikuria. Dhana inatoka katika Kiingereza cha sheria, inapitia Kiswahili cha mkalimani, inatua katika lugha ya mama. Kiswahili ndicho daraja. Mkalimani akisema "mchango" kichwani mwake, neno la lugha ya mama litakalomjia upesi litakuwa la kutoa pesa, na kilichobebwa na kifungu cha 2 kitakuwa kimedondoka majini katikati ya daraja. Mkalimani halaumiwi hapa. Hakuna aliyempa neno bora.

Cha kushangaza ni kwamba wasomi wa Kiswahili wenyewe hawana shida na mchango usio wa fedha. Tasnifu ngapi zimeandikwa juu ya mchango wa Shaaban Robert katika fasihi ya Kiswahili? Hakuna mhadhiri aliyewahi kudai stakabadhi ya Shaaban Robert. Katika kila kongamano mwenyekiti huwaomba wajumbe watoe michango yao, na hakuna anayetia mkono mfukoni. Lugha ya chuo ilikwisha kulipanua neno hili zamani, na upanuzi huo umebaki chuoni, katika kumbi zenye viyoyozi, haujashuka hadi kwa mwanamke wa Uriri. Hilo ni deni, na mdaiwa anajulikana.

Neno la pili lenye kutega ni "kuachana". Kifungu cha 7 kinazungumzia mali kugawanywa ndoa inapovunjwa kwa talaka au kwa njia nyingine ya kisheria. Katika Kiswahili cha kawaida, mke aliyefukuzwa na kurudi kwao miaka mitano iliyopita "ameachwa", na mume na mke waliokaa mbalimbali "wameachana". Kisheria huenda hawajaachana hata chembe. Wametengana tu, na ndoa iko palepale. Ndoa za kimila zimo katika Sheria ya Ndoa ya 2014, na uandikishaji wake ulianza Agosti 2017, lakini ndoa nyingi za vijijini bado hazina cheti. Mwanamke anayedai talaka hujikuta kwanza akithibitisha kwamba aliolewa. Sheria hiyo imelegeza kamba kidogo kwa kusema kwamba pale ambapo mahari ni ushahidi wa ndoa ya kimila, kutolewa kwa sehemu yake ndogo ya ishara kunatosha.

Aidha kifungu cha 17 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinamruhusu mwanandoa kuiomba mahakama itangaze haki zake juu ya mali hata kama hajafungua shauri la talaka. Na kifungu cha 12 kinakataza mwanandoa kufukuzwa katika nyumba ya ndoa, ndoa ikiwa ingalipo, pasi na amri ya mahakama. Yule anayejisemea "nimeachwa" huamini kwamba amekwisha kupoteza kinga hiyo. Neno limemtoa nyumbani kabla ya hakimu.

"Nyumba" nayo ina mambo yake. Kifungu cha 6 kinaitaja nyumba ya ndoa kama mali ya ndoa, lakini kinaondoa mali ya amana, ikiwemo ile inayoshikiliwa kwa amana chini ya sheria za kimila. Kifungu cha 11 kinaitaka mahakama izingatie mila za jamii husika, haki za vizazi vijavyo katika ardhi ya mababu, na namna ambavyo mke au mke wa zamani anaweza kuifikia na kuitumia ardhi hiyo. Sasa, nyumba nyingi za Wajaluo wa Homa Bay na Migori zimesimama juu ya ardhi ya baba mkwe au babu. Mume hana hati. Mke adai nini?

Wajaluo hutofautisha "ot", yaani nyumba, na "dala", yaani boma au kao la mtu. Kenya nzima ilifunzwa tofauti hii mwaka 1987 wakati wa kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, karibu na Nairobi walikokuwa wakiishi. Ukoo wa Umira Kager ulishikilia kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, lakini boma lake liko kwao. Ukoo ulishinda, na maziko yakafanyika Nyalgunga, Siaya. Tangu siku hizo wengi wameichukua tofauti ya "ot" na "dala" kuwa ushahidi kwamba mila haina nafasi ya mke.

Huko ni kuisoma mila nusu ukurasa. Boma la Kijaluo huanzishwaje? Mwanamume anapotoka katika boma la babaye kwenda kuanzisha lake, jambo liitwalo "goyo dala", haendi peke yake. Huandamana na mkewe na mwana wa kiume, pamoja na jogoo na shoka. Mwanamume asiye na mke haanzishi boma. Anaweza kuwa na pesa, mabati na saruji, lakini kimila atabaki katika "simba" yake ya ujana ndani ya boma la baba. Isitoshe, ndani ya boma nyumba ni za wake: ya mke mkubwa, mikayi, ina mahali pake, ya nyachira ina pake, na mashamba na mifugo iligawiwa kufuata nyumba hizo ili wana warithi kwa mama zao. Basi ikiwa boma haliwezi kuwapo bila mke, na ikiwa mali ya boma hupangwa kwa nyumba za wake, ni mila gani hiyo inayosema kwamba mke hakuchangia? Wakili anayesimama mahakamani Homa Bay akainua mila kama ngao ya mume angefaa kuulizwa aeleze goyo dala tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka aliyetembea kando ya mume.

Wala haidaiwi hapa kwamba mila ilikuwa na haki yote. Ndoa ya kimila ilipovunjika, hesabu iliyofanywa ilikuwa ya ng'ombe. Kwa kawaida upande wa mke ulirudisha mahari, na idadi ya ng'ombe waliorudishwa ilipunguzwa kwa ajili ya watoto aliowazaa. Kwa maneno mengine, uzazi wake ulihesabiwa, uliwekewa thamani, lakini thamani hiyo iliingia zizini kwa babaye. Yeye mwenyewe hakupewa hata mkia. Kwa waume anaitwa kwa jina la kwao, "nyar" wa mahali fulani, yaani binti wa huko, na akirudi kwao yeye ni "migogo", binti aliyekwisha kuolewa, ambaye kaka zake wamekwisha kuigawana ardhi. Huku mgeni, kule mgeni. Kwa mwanamke huyo kifungu cha 2 si anasa ya wanaharakati wa Nairobi. Ni jembe na paa.

Msomaji na avuke sasa mpaka mmoja mfupi. Isebania iko upande wa Kenya, Sirari upande wa Tanzania, na Wakuria wa Migori wana ndugu zao Tarime. Dada wawili wa tumbo moja wanaweza kuolewa mmoja huku na mmoja kule. Ndoa zao zikivunjika, watakutana na sheria mbili, na, jambo linalohusu zaidi jarida hili, watakutana na Kiswahili mbili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inazungumzia mali iliyopatikana kwa jitihada za pamoja za wanandoa. Inaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, kisha ielekee kwenye mgawo ulio sawa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni sehemu ya jitihada hizo. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa amekwisha kufuja fedha alizopewa na mumewe, ushindi wake umewafaa wengine.) Mahakama za mwanzo za Tanzania zimeendesha kesi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama nchini humo.

Kwa hiyo dada wa Sirari anasikia akiulizwa juu ya mali waliyochuma pamoja. Dada wa Isebania anaulizwa alichangia nini. Tofauti si ndogo. Kitenzi "kuchuma" hakina meza wala karani. Mtu huchuma kwa mikono, huchuma kwa kulima, huchuma kwa biashara, na neno "pamoja" linaanza na wawili badala ya kumtenga mmoja na kumtaka ajieleze. Ulizeni mwanamke yeyote wa Uriri, "Mlichuma nini wewe na mumeo?" Atajibu bila kusita, tena ataonyesha kwa kidole: shamba lile, ng'ombe wale, nyumba ya mabati. Hataanza na "sikuchanga".

Haimaanishi kwamba Kenya ibadilishe sheria yake ifuate ya jirani. Sheria ya 2013 ina jambo zuri ambalo ile ya 1971 haikulitaja waziwazi, yaani orodha ya kazi zenyewe. Linalohitajika ni orodha hiyo ifike masikioni mwa wenyewe kwa maneno yao. Na hapo fasihi nayo haiwezi kukaa kando. Wanafunzi wa Kiswahili wamesoma "Utengano" ya Said Ahmed Mohamed wakamwona Bi Tamima akitalikiwa na Maksuudi. Wamesoma "Natala" ya Kithaka wa Mberia, tamthilia ya mwaka 1997, wakamwona mwanamke akimkabili shemeji anayetaka kumrithi na kuinyakua ardhi. Kazi hizo zimefungua macho. Lakini talaka katika fasihi inayofunzwa madarasani huwa mara nyingi ni tendo la ghafla: neno la mume, mlango, machozi, safari. Linalofuata baadaye halina mvuto wa jukwaani. Karatasi, kiapo, mkalimani, hati ya shamba iliyo kwa jina la babu aliyekufa, mwanamke anayejaribu kukumbuka alipalilia mara ngapi. Mwandishi atakayelifanya hilo liwe riwaya atakuwa amegusa maisha ya watu wengi zaidi kuliko yule anayeandika mapenzi ya chuo kikuu kwa mara ya mia.

Kuna watakaosema kwamba kazi ya istilahi ni ya wanasheria, na kwamba mwanaisimu akiingia mahakamani anaingilia kazi ya wenyewe. Jibu ni rahisi. Mwanasheria alikwisha kufanya kazi yake alipoandika kifungu cha 2 kwa Kiingereza. Kukifikisha kifungu hicho Ndhiwa kwa Kiswahili chenye kueleweka, na kutoka hapo hadi Kijaluo na Kikuria, ni kazi ya lugha, na wapo wanafunzi wa Kiswahili wenye kuzisema lugha hizo tangu utotoni. Katika vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu hawakosekani wazawa wa Rongo, Kendu Bay, Mfangano na Kehancha. Huandika tasnifu juu ya ngeli na mofimu, nazo ni tasnifu njema. Nusu yao tu wakishika mada ya ukalimani wa mahakamani, faharasa ya maneno hamsini ya mali ya ndoa inaweza kupatikana katika mwaka mmoja wa masomo, ikajaribiwa kwa wakalimani wenyewe, ikarekebishwa, ikachapishwa kijitabu cha bei ya gazeti.

Faharasa hiyo isianze kwa herufi A. Ianze kwa "mchango", na chini yake, badala ya fasili, yawekwe maswali ambayo mkalimani anaweza kuuliza bila kulitaja neno lenyewe hata mara moja. Nani alipanda? Nani alipalilia, na mara ngapi kwa msimu? Vibarua walilishwa na nani? Watoto walipougua, nani alilala hospitalini, na wakati huo nani alibaki kazini? Karo ya muhula wa kwanza ilitoka wapi? Jikoni kulipikwa nini mwaka ule muwa ulipochelewa kukatwa, na nani alikileta?